Fisi Aliyerudisha Mbuzi

Ukimwona mtoto ametulia mno, usifurahi haraka. Wiki hii mwanangu akirudi kutoka shule, hapa Bariadi, anatupa begi chini, anakamata simu yangu, kimya. Uji hataki, mpira hataki. Nikimuuliza kuna nini, ananijibu "hamna kitu" bila kuinua macho. Siiamini hiyo "hamna kitu". Nawe usingeiamini kama ungelelewa na bibi yangu kule Ngulyati.

Bibi, Mungu amlaze pema, alikuwa hamwamini mtu. Jioni kaka zetu wakubwa walipokwenda shikome, kwenye moto wa babu karibu na zizi, sisi wadogo tulibaki naye jikoni. Alitugawia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vigumu kama kwato lakini vitamu, halafu akaanza hadithi ya fisi. Tulidhani ni ya fisi. Kumbe ilikuwa yetu sisi! Ikifika patamu anakatisha, anamgeukia mmoja wetu: "Haya ng'wanawane, mwanangu, malizia wewe." Kisha anatafuna polepole, anakutazama. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi hakutaka kungoja hicho kifo.

Jioni moja zamu ilimwangukia dada yangu, aliyekuwa ameshinda akichunga mbuzi. Akasema fisi alimkuta mbuzi amepotea kwenye shamba la pamba la jirani, akamhurumia, akamrudisha kwao. Tulicheka nusura tupaliwe. Fisi gani huyo! Bibi hakucheka. Alichukua tochi akaenda zizini, na kweli mbuzi mmoja hakuwepo. Yeye na dada wakaenda kwa jirani, wakarudi na mbuzi. Mama alikuwa ameshashika fimbo.

"Amekwisha kusema," bibi akamwambia. "Unampigia nini tena?"

Dada akaomba viazi vingine.

Basi jana, baada ya chakula, niliizima simu nikaitia mfukoni. Nikamwanzishia mwanangu hadithi ya fisi, kwa kujikongoja, maana nyingi nimezisahau. Nilipofika patamu nikakatisha.

"Malizia wewe, baba," nikamwambia.

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikajua sasa anasema.

"Kwani mwisho wake huujui?" Akanyoosha mkono. "Nipe simu nikutafutie."

Nikampa. Hadi sasa sijui mwanangu ana nini, na ninaogopa.