Marufuku ya Oili Yafika Nyamisolo

Serikali ilikuwa inaandaa kanuni za kuzuia vyombo vya majini kumwaga oili chafu, ili nchi iende sawa na viwango vya kimataifa. Rasimu niliiandika mimi, hapa Dar es Salaam, nikiitazama bahari. Mkurugenzi wangu akauliza, "Na ziwa je?" Tangu siku hiyo ofisi haikukalika, nikafunga safari ya Mwanza kulitazama ziwa.

Ndani ya treni usingizi ulinipaa. Abiria wenzangu walinunua asali Tabora. Mimi nilitaka tufike tu.

Mwanza nilipanga chumba Mirongo. Tangu masharti ya biashara yalegezwe, kila aliyepata injini kuukuu alikuwa na boti ya abiria. Asubuhi nikapita Misungwi, nikavuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, nikashika njia ya vumbi mpaka Nyamisolo, kijiji kisicho na zahanati.

Nyamisolo nilipokelewa na Mama Kabula, muuza chai wa mwaloni, pale boti zinapoegesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

Akaingia majini na ndoo. Alikipitisha kitako cha ndoo juu ya maji, kushoto na kulia, utando wa oili ukasogea, kisha akaizamisha upesi kabla haujarudi. Wanawake wote pale walichota hivyo, huku wakipiga soga. Hasira zilinipanda. Chai ile niliinywa kwa shida.

"Haya ndiyo nimekuja kuyakomesha," nikamwambia. "Oili yote itamwagwa kwenye tangi, nchi kavu. Boti itakayokiuka itazuiwa."

"Tangi liko wapi?"

"Litajengwa."

"Na kabla halijajengwa?"

Masanja, mwenye boti, akadakia, "Marufuku ikianza mimi boti naiegesha, mzee. Sitaki kesi."

Mama Kabula akamtazama Nyanzala, mke wa mwanawe. Alikuwa mjamzito, akisubiri boti hiyo impeleke kujifungulia Mwanza. Mtoto wa kwanza alimpoteza hapo hapo kijijini.

Safari ya kurudi nilipanda boti hiyo pamoja na Nyanzala. Katikati ya ghuba, Masanja akaanza kukomba maji meusi chini ya injini na kuyamwaga ziwani, macho yake kwangu. Nikasimama.

"Ni wewe unayekataza?" Nyanzala akauliza, mkono tumboni.

"Ni mimi."

"Basi kataza, baba. Lakini mimi nifike kwanza."

Nikakaa. Niliona aibu, na hasira bado ninazo.

Dar es Salaam nimerudisha rasimu yenye sharti jipya: tangi lijengwe kwanza, ndipo marufuku ianze. Mkurugenzi anasema viwango havisubiri matangi, na kwamba nimelegea. Huenda. Nimejifunza kwamba kanuni nzuri inaweza kumfungia mtu njia ya hospitali, na kuichelewesha nako kuna gharama yake. Nyanzala amejifungua salama, mtoto wa kike, na wamerudi Nyamisolo. Mtoto anaogeshwa maji ya ziwa, na rasimu yangu bado haijasainiwa.