Barafu Aliyoishusha Baba

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyemsumbua mtu mzima kwa maswali akiwa anachambua dagaa. Ninyi mmeshiba, sasa mnataka na habari. Haya.

Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu, sukari tunaisikia redioni tu. Tulikuwa tunakaa karibu na Butiama. Jioni moja ikanyesha mvua ya mawe, asubuhi kilima chote cheupe. Baba akatuita kwa furaha, "Twendeni tukaone theluji, msije mkasema sijawahi kuwatembeza."

Bibi, mama yake Baba, akatuzuia uani. "Oneni kwa macho. Kile kilima ni cha mganga wa mvua. Yale mawe yanaachwaga yayeyuke yenyewe. Ukiyashusha, umeichukua mvua ya watu wote."

"Mama, mimi nimebatizwa."

"Wewe ndiyo. Barafu haijabatizwa."

Tulicheka njia nzima. Kule juu, mimi na dada yangu Nyangeta tulirushiana barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Sikumwona tena akicheka vile. Baba hakucheza. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtambo wa barafu mjini umekufa, na sato wake wa Bukima, kule ziwani, walikuwa wanaoza kabla ya kufika Bunda. Akajaza magunia mawili, akayafunika kwa nyasi, akashuka nayo.

Samaki walifika wazima. Mvua haikurudi. Ulezi ukakauka ukiwa kimo cha goti. Siku hizi naambiwa ukame ulikuwa kila mahali, huenda. Wazee walipokuja kuuliza, Baba alikana. Wakanigeukia mimi. Nikasema.

Faini ilikuwa kondoo mweusi, achinjwe kilimani. Hatukuwa naye. Jirani mmoja, mzee wa wake wawili, alikuwa naye, na alichotaka ni Nyangeta. Hata la saba alikuwa hajamaliza.

"Umekosa wewe, anafungwa kamba mtoto?" Bibi akamuuliza Baba. Jioni akampeleka Nyangeta kwa jirani, akarudi na kondoo.

Kondoo akachinjwa. Mvua ikaja, ikalowesha mabua. Hatukuvuna hata kikapu kimoja. Kama ilikuwa laana au hali ya hewa tu, sijui, na sitafuti tena kujua. Najua tu kwamba mdomo uliosema ni wangu.

Baba aliugua baadaye, maduka yakiwa yamejaa tena mpaka soda za kila rangi. Mara tatu alituma watu kwa Nyangeta aje amwone. Alijibu mara moja tu: "Binti gani? Si alimchinja kilimani?"

Baba alikufa akiuliza kama binti yake amefika. Hata kuzika, Nyangeta hakuja.