Kiyoyozi cha Mama Mkwe

Ukimwambia mtu wa Kericho kwamba nyumbani kwako kuna kiyoyozi, kwanza anakutazama usoni aone kama unamtania. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, na sweta haitoki mwilini mwaka mzima. Kiyoyozi cha nini? Nimelieleza jambo hili ofisini, kanisani, hata kwa mama anayeniuzia maziwa, mpaka siku hizi nikiulizwa nasema tu kwamba ni zawadi, kisha nageuza mazungumzo.

Ilikuwa zawadi kweli. Mama mkwe wangu alianguka bafuni kwake, kule upande wa ziwani tulikotoka, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu. Mimi na mume wangu tumefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa miaka mingi, yeye kwenye boila na mimi ofisini, na nyumba yetu haina ngazi za kumsumbua mgonjwa. Lakini tangu wiki ya kwanza Mama alilalamikia baridi. Alisema inamwingia kwenye nyonga kama msumari. Kila alipoongea na mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu anayefanya kazi Ghuba, alimwambia neno hilo hilo: huku kwa ndugu yako ni baridi, mwanangu, huku ni baridi sana.

Shemeji ni mtu wa vitendo. Hakuuliza maswali. Aliagiza kiyoyozi cha ile aina inayotoa hewa baridi na hewa moto pia, akamtuma fundi kutoka Kisumu aje akifunge chumbani mwa Mama, juu ya dirisha. Sisi tulipigiwa simu tu tuambiwe fundi yuko getini.

Mwanzoni mimi ndiye niliyeifurahia mashine ile kuliko mwenyewe. Jioni ilimpa Mama joto. Mchana, yeye akiwa ameketi jikoni karibu na jiko, mimi nilibonyeza rimoti pale penye alama ya tone la maji, mashine ikaanza kunyonya unyevu hewani, nami nikaanika nguo chumbani humo. Mtu ambaye hajafua koti jeupe la kazi msimu wa mvua Kericho hawezi kunielewa. Makoti ya mume wangu yalikuwa yanakaa kwenye kamba siku nenda siku rudi, na yakija kukauka yananuka kama kitambaa cha kudekia. Kwa mashine ile yalikauka kabla sijamaliza kupika.

Kisha mashine yenyewe ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya soksi zilizosahauliwa ndani ya kiatu. Ukiwasha joto, harufu inapikwa na kusambaa. Baada ya hapo ikaanza kudondosha maji, na ilidondosha mchana tu, wakati wa kukausha, juu ya zile zile nguo nilizoanika. Nilikuwa naingia chumbani kuchukua koti kavu, nalikuta lina doa la kahawia mgongoni.

Nilimpigia fundi. Alisema yuko njiani. Nikampigia tena wiki iliyofuata, akasema yuko njiani. Siku moja alinihakikishia kwamba amekaribia kabisa, amefika Kedowa. Sasa Kedowa, kwa mtu anayetoka Kisumu, iko mbele ya kwetu. Alikuwa ametupita. Nilipomwambia hivyo alikata simu, na tangu siku hiyo namba yangu haijawahi kupokelewa.

Nikamgeukia mume wangu. Huyu ni mwanamume anayeshinda kutwa ndani ya tumbo la boila, anayejua kwa sauti tu kwamba valvu fulani imelegea. Aliitazama mashine ya mdogo wake akiwa ameweka mikono nyuma, akasema hiyo si laini yake. Yeye ni wa mvuke, ile ni ya gesi. Tena ina waranti, tukiigusa tutaharibu waranti. Nikamuuliza hiyo waranti iko na nani. Hakujua. Pengine fundi alikuwa nayo, huko Kedowa.

Basi Jumamosi moja nikaamua nitaisafisha mwenyewe. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, za kijana mmoja aliyevaa glavu nyeupe, anafungua mashine kama mtu anayefungua kasha la biskuti, anapulizia povu, anafunga, anatabasamu. Nilienda mjini kutafuta lile povu. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi waliniletea dawa ya kuosha rejeta ya gari. Nikarudi na brashi ya rangi, mswaki mpya, na chupa ya kupulizia niliyoinunua kwa kinyozi. Sabuni ingekuwa ile ile ya vyombo.

Nilimwomba Mama akae jikoni na mboga zake. Akaniuliza nakwenda kuifanya nini mashine ya mtoto wake. Nikamwambia naiosha. Akasema, haya, kwa sauti ya mtu ambaye amekataa.

Nilizima swichi kuu ya nyumba kwanza, maana hilo hata kijana wa video alilisema kwa ukali. Nikapanda juu ya meza, nikanyanyua kifuniko cha mbele. Vichujio viwili vilitoka kwa urahisi. Vilikuwa vimevaa vumbi la kijivu nene kama blanketi, nikavipeleka kwenye beseni la maji vuguvugu. Nyuma yake kuna mapezi membamba ya bati, yamepangwa kama kurasa za Biblia, na ukipitisha brashi kwa upande yanalala. Niliyalaza kadhaa kabla sijajifunza kuishusha brashi kutoka juu kwenda chini. Lakini uchafu wenyewe ulikuwa chini, pale hewa inapotokea. Kuna feni ndefu ya duara, mfano wa pipa jembamba, na kila jani la feni hiyo lilikuwa limeota ukungu mweusi. Mama alikuwa anapumua kitu hicho kila jioni.

Nikamwita mume wangu anishikie karatasi ya nailoni chini, maji machafu yateremke kwenye ndoo. Alitazama chupa yangu ya kinyozi, akasema nguvu yake ni ndogo, nisubiri. Akatoka. Nilikaa juu ya meza, mikono imelowa mpaka viwiko, sabuni inanikaukia usoni. Aliporudi alikuwa amebeba pampu ya mgongoni ya jirani, ile ambayo jirani huwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Harufu yake iliingia chumbani kabla yake.

"Ukipulizia hiyo humu," nikamwambia, "mama yako atalala akipumua dawa ya kupe."

Akasema ameisuuza. Nikamwambia anuse. Alinusa, akairudisha kwa jirani, na jirani, mama mmoja Mkipsigis ambaye hupenda sana kujua, akarudi naye ili aone ni ng'ombe gani anayeoshwa ndani ya nyumba. Alisimama mlangoni akatazama mashine iliyofumuliwa na mimi niliyepanda juu ya meza. Akaniuliza kwa upole kwa nini tusimnunulie kogo jiko la makaa. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na ndivyo anavyomwita Mama. Akaenda kukaa na kogo jikoni, na nikasikia wanacheka.

Nilisugua feni jani moja baada ya jingine kwa mswaki. Maji yaliyoteremka yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nusu yaliingia kwenye ndoo. Nusu nyingine ilipata njia nyuma ya nailoni ikachora mistari kwenye ukuta tuliokuwa tumeupaka rangi ya maziwa. Mume wangu aliniambia kwamba maji yanapita ukutani. Nilikuwa nayaona. Nilimwomba kwa heshima zote asiniambie tena kitu ninachokiona.

Nikamaliza. Nikapangusa kile kibirika cha chini kinachopokea maji, kilichokuwa kimejaa ute kama wa bamia. Vichujio vikakauka kivulini, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikashuka mezani, nikaenda kuwasha swichi kuu. Hakuna kitu. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, na hakuna mtu aliyejua tangu saa ngapi, kwa kuwa kwetu ilikuwa imezimwa na mimi.

Ilirudi alasiri, mvua ikiwa imeshaanza. Nikabonyeza rimoti. Harufu haikuwapo tena. Hewa ilitoka safi, laini, yenye sabuni kidogo. Nilikaa kwenye kitanda cha Mama nikaitazama kwa furaha ambayo nilidhani nimeistahili. Nikaanika koti moja la kujaribia. Sijui ulipita muda gani, nikasikia tone. Kisha jingine. Koti likaanza kulowa begani.

Sikupiga kelele. Nilimwambia mume wangu tu kwamba sasa naing'oa ukutani naitupa kwenye majani chai ya watu. Nadhani aliona kwamba nasema kweli, kwa sababu alivaa gambuti akatoka nje kwenye mvua, akazunguka nyuma ya nyumba, kule ambako bomba la kutolea maji linashuka ukutani na kuishia kwenye tuta la mboga la Mama. Nilimsikia akigusagusa. Nikamsubiri dirishani.

Alirudi ameshika kipande cha leso kilichosokotwa kama kizibo cha kibuyu, kimelowa, kimeota kijani. Ilikuwa leso ya mama yake, yenye maua ya zambarau. Maji yaliyokuwa yamezuiliwa ndani ya bomba yalikuwa yamemwagika kwenye gambuti zake.

Tulienda jikoni. Jirani alikuwa ameshaondoka. Mume wangu alisimama mlangoni na kile kitambaa mkononi, na nikaona kwamba hawezi kumuuliza mama yake. Mimi ni mkaza mwana, na kwetu mkaza mwana hamsemeshi mama mkwe hovyo. Nikaketi chini kidogo kuliko yeye, nikatafuta sauti yangu nzuri zaidi.

"Mama, hiki tumekikuta kwenye bomba la nje."

"Mimi ndiye niliweka," akasema, huku akiendelea kuchambua mboga. "Baridi ilikuwa inaingia kwa hiyo bomba."

Nikamweleza kwamba hakuna kinachoingia, kwamba bomba linatoa maji tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama mashine ni ya joto, maji yanatoka wapi. Nikalazimika kumweleza habari ya nguo zangu na alama ya tone. Akatikisa kichwa, akasema kumbe chumba chake kimekuwa dobi.

Nilihisi hasira ikinipanda kifuani, hasira ya mtu aliyesugua ukungu kwa mswaki kutwa kwa ajili ya kipande cha leso. Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliposema tena, safari hii akimtazama mwanawe.

"Mimi sikuomba mashine. Nilimwambia ndugu yako huku ni baridi, ili aseme nirudishwe nyumbani. Yeye akaleta mashine. Nikaona basi, mtoto ametumia mali yake, nikae."

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Mume wangu aliuliza kwa nini hakumwambia yeye, ambaye analala naye nyumba moja.

"Wewe ungesema nyonga."

Na kweli, alikuwa ameshaanza kusema nyonga. Neno lilikuwa limefika mdomoni, nikaliona likirudi.

Jioni ile nilirudi chumbani na ndoo. Nilipangusa ukuta, mistari ikafifia, haikutoka. Nilikasirika kwa zamu: na shemeji aliyejibu kilio kwa bidhaa, na Mama aliyezunguka mlima mzima badala ya kusema neno moja, na mume wangu kwa kuwa tu alikuwa karibu. Nilipolala hasira ilikuwa haijaisha, lakini nilijua tayari kwamba tutampeleka.

Haikuwa kesho yake. Ilibidi kwanza mume wangu aende kule ziwani afunge vyuma vya kushikilia bafuni, na tukubaliane na mke wa binamu yake awe analala huko. Shemeji alipopigiwa simu aliuliza sasa mashine itafanya nini. Nikamwambia mashine ni nzima kabisa, nimeiosha mwenyewe. Alinishukuru, na nadhani alikuwa ameumia. Mama alipopewa simu alimwambia kwamba mashine ni nzuri sana, haijapata kuonekana Kericho nzima.

Kiangazi kilipokuja, kiwanda kikapunguza kazi, tukapata likizo. Tulimfunga Mama mito pande zote kwenye gari, tukateremka. Kadiri tulivyoteremka ndivyo alivyovua: kwanza kofia ya sufu, kisha shali, kisha sweta moja, kisha nyingine. Tulipofika alishuka kwa fimbo yake, polepole, akakataa mkono wangu. Hakukaa. Alizunguka nyumba yake yote, akamgombeza mke wa binamu kwa kuhamisha mtungi, akataka kujua ni nani amekata tawi la muarobaini. Wanawake wa jirani walikuja kumwamkia, wakajaa uani. Alikuwa anawaeleza habari za Kericho, na kwa jinsi alivyoeleza, ungedhani tulikuwa tunaishi juu ya barafu.

Tulipotaka kuondoka, alikuwa kwenye uzio akibishana na muuza samaki kwamba ngege wake si wa leo. Alitupungia mkono bila kugeuka vizuri. Mume wangu aliingia garini amenuna, akasema mtu unamlea mwaka mzima halafu hata kukuaga hakuagi. Nilikuwa nimeshusha kioo, joto linanipiga usoni, na nilitaka tu kufika nyumbani nilale.