Lebo Mia Tano za Pilipili ya Mama Mdogo

Sababu ya safari yangu ilikuwa chupa ya pilipili. Mama yangu mdogo, Mwamini, anayeishi Majengo mjini Gisenyi, alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa kazini Mwanza. Afisa wa ukaguzi wa vyakula alikuwa amepita kwenye duka linalouza pilipili yake, akaagiza chupa zote zishushwe kwenye rafu. Hazikuwa na lebo. Hakuwa mkali, ila alisema angerudi Jumatatu inayofuata, na chupa isiyoeleza nani kaitengeneza, lini, itumike hadi lini na ndani ina nini, haitauzwa tena.

"We si unachapa makaratasi ya chupa?" mama mdogo akaniuliza. "Bon, njoo unichapie yangu."

Hiyo ndiyo kazi yangu kweli. Asali, juisi ya ukwaju, unga wa lishe: ukiona lebo imekaa sawasawa kwenye maduka ya mtaani kwetu, huenda imepita mikononi mwangu. Gisenyi niliondoka nikiwa na miaka kumi, mama alipofariki na baba akanichukua kwenda kwa ndugu zake. Sura ya nyumba ilishaanza kunipotea, lakini pilipili ya mama sikuisahau hata siku moja. Pilipili mbuzi, mafuta ya mawese, kitunguu saumu, chumvi, na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliokaushwa juani na kutwangwa hadi wakawa unga. Mama mdogo ndiye aliyeirithi kazi hiyo.

Kwa hiyo sikuuliza kitu. Nani anauliza mapishi ya nyumbani kwao? Nilikaa kwenye kompyuta siku nzima, nikachora sambaza watatu wanaruka juu ya maji, nikapanga viungo vyote, na neno "sambaza" nikalikoleza kwa wino mzito, kwa sababu samaki ni miongoni mwa vyakula ambavyo miili ya wengine huvikataa, na mnunuzi lazima aonywe. Nikachapa lebo mia tano. Nilijiona nimemaliza kazi kabla hata sijapanda basi.

Jumatano alfajiri niliondoka Mwanza. Jioni tulifika Rusumo, mpakani, na hapo nikakumbushwa kwamba mifuko ya nailoni haiingii Rwanda. Lebo zangu nilikuwa nimezifunga nailoni mara tatu kwa kuogopa mvua. Askari akaifungua taratibu, akaitupa, akanirudishia lebo zikiwa uchi. Nilizivisha shati langu la sikukuu nikaendelea na safari.

Alhamisi, baada ya kulala Kigali, nilipanda basi la kwenda magharibi. Barabara inapanda na kuzunguka milima mpaka masikio yanaziba. Tulipopita Nyundo nikaanza kunyoosha shingo kama mtoto. Kisha ziwa likatokea kule chini, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Abiria wa pembeni yangu aligeukia upande wa pili kwa heshima, nikamshukuru kimoyomoyo.

Majengo nilifika saa tisa alasiri. Mama mdogo alikuwa mlangoni, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na mikono yake bado myekundu kwa mawese. Ndani, chupa mpya zilikuwa zimepangwa mezani, na kila moja imefungwa kipande cha kitenge shingoni. Hilo nililikumbuka! Marehemu baba mdogo alikuwa fundi cherehani, na mabaki ya vitenge vyake yamejaa sanduku zima. Kila pishi lina kitenge chake: za siku moja zinafungwa maua ya njano, za siku nyingine ndege wa kijani.

Aliniletea viazi vya Bugeshi vya kuchemsha na kisahani cha pilipili. Nilichovya, nikafumba macho, nikangoja mama arudi. Hakurudi. Pilipili ilikuwa tamu, kali inavyotakiwa, lakini haikuwa ile. Nikadhani ni uchovu wa njiani. Nikalifungua lile shati, nikamkabidhi lebo kwa majivuno yote ya fundi.

Alishika moja mbali na macho, akasoma polepole. "Sambaza? Nani alikuambia iko sambaza mule ndani?"

"Si mama aliweka?"

"Mama yako alikuwa anaweka. Mi siwekake tena. Toka zamani."

"Kwa nini?"

"Kula viazi, vitapoa."

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuifuata ladha moja, na kumbe mtu aliyekabidhiwa aliitoa bila hata kuniambia. Nikasema neno ambalo hadi leo linanichoma: "Basi rudisha sambaza. Lebo ziko tayari, na afisa anakuja Jumatatu."

Mama mdogo akairudisha lebo juu ya shati. "Donc we unataka pilipili ifuate karatasi?"

Akaondoa kisahani, akaenda kufunga vitenge mpaka swala ya magharibi.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, alinituma kwa Zawadi, jirani yake wa zamani, mwanamke wa kama miaka thelathini mwenye duka dogo la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko. Nilimpa lebo yangu, nikamwambia inabidi tuipange upya bila sambaza. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Zawadi aliwacheka samaki wangu wanaoruka, halafu akaacha kucheka.

"Yaya," akaniita, yaani kaka, "hii karatasi kama ingekuwa kwa chupa zamani, ingenisaidia."

"Kivipi?"

"Ni mimi. Nilikuwa mutoto, nikalamba pilipili ya kwa Mama Mwamini na mukate. Midomo ikavimba, macho ikafunga, hata kupumua ikakataa. Walinikimbiza hopitali na pikipiki. Mama Mwamini alikuja nyuma na miguu, bila viatu." Akainyoosha lebo juu ya meza. "Docteur alisema ni samaki. Kesho yake Mama Mwamini alitoa sambaza yote mu nyumba. Watu walilalamika, juu ile pilipili iliuzika sababu ya sambaza. Wengine walihama kabisa. Yeye akakataa. Mupaka leo ndio pilipili moja tu naweza kula bila kuuliza."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mimi ndiye niliyelikoleza neno "sambaza" kwa wino mzito, nikajiona najua maana yake. Mama mdogo aliifanya kazi ya onyo hilo zamani, kabla ya afisa yeyote kumwagiza, na wateja wakamkimbia.

Tulichapa lebo mpya hapo hapo: jina lake, mtaa wake, viungo vinne, na nafasi mbili za kuandika tarehe kwa kalamu. Nikarudi nyumbani nikamwomba radhi. Akasema, "Shika kisu, umenye vitunguu." Nikajua nimesamehewa.

Jumatatu asubuhi afisa alitukuta kwenye lile duka linalouza pilipili, kijana mpole mwenye daftari. Alisoma lebo, akakagua vifuniko, kisha akauliza: likitokea tatizo kwenye chupa moja, atazijuaje nyingine zilizopikwa siku hiyo? Mimi nikaanza kupekua lebo. Mama mdogo akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Iko hii, na hii, na ile ya kule mwisho. Hauone kitenge? Njano yote ni ya Jumanne."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamweleza kwa heshima kwamba kitenge kinaweza kuanguka, hivyo kila pishi lipewe namba pia, iandikwe kwenye lebo. Mama mdogo akakubali, kwa sharti lake mwenyewe: kwenye daftari lake la nyumbani, mbele ya kila namba atagundisha kipande cha kitenge cha siku hiyo. Afisa hakuwa na pingamizi. Tulikamilisha namba, na chupa zikarudi mahali pake.

Jumanne, siku ya kuondoka, niliamka nikasikia kinu nje. Mama mdogo alikuwa uani kwa jirani, mbali na jiko lake, anatwanga sambaza kwenye kinu cha kuazima. Sufuria ya kuazima ilikuwa motoni.

"Usiguse meza yangu na hiyo mikono," alisema nilipotaka kumsaidia. "Zawadi anakula pilipili ya kwa ile meza."

Alipika chupa moja tu. Shingoni akafunga kipande cha gauni kuukuu la bluu. "Ilikuwa robe ya mama yako," akasema. Kisha: "Iko wapi karatasi yako? Ile ya samaki?"

Nilibandika. Akaniamuru niandike tarehe ya kutengenezwa, nikaandika. Kwenye mwisho wa matumizi kalamu yangu ikasita.

"Miezi tatu," akasema. "Andika."

"Mama mdogo, hii si ya kuuza. Ni yangu mimi."

"Na we si mutu?"

Nikaandika.

Njiani kurudi, pale Rusumo, afisa wa forodha aliitoa chupa kwenye begi, akaisoma lebo mwanzo hadi mwisho, akanirudishia bila swali. Nimechapa lebo miaka mingi nikidhani ni urembo wa kuvutia mnunuzi na kanuni za kutimiza tu. Safari hii imenifundisha kwamba ni ahadi kwa mtu usiyemwona, awe Zawadi au mimi.

Jumapili iliyopita tarehe ya mwisho wa matumizi ilifika. Nilikuwa nimeila pilipili ile kwa ncha ya kijiko, na chini kilibaki kimo cha kidole kimoja. Nilitamani kukihifadhi, nisikiguse, nifungue tu chupa mara moja moja ninuse. Nikaisikia sauti ya Majengo ikiniuliza kama mimi si mtu. Nikachemsha viazi, nikamwita mke wangu, tukaimaliza yote mpaka chupa ikang'aa. Mama alikuwepo mezani, kwa dakika kama kumi hivi.

Lebo mia nne tisini na tisa bado ziko kwenye droo ya kazini, na hakuna chupa nyingine ninayoweza kuibandika hata moja.