Unga wa Kijani wa Mwanasha

Pale Chiungutwa, mtoto akikonda, wanawake walimwambia mama yake, "Nenda kwa Mama Nurdini." Mwanasha, maana hilo ndilo jina lake, hakuwa mganga wala nesi. Alikuwa mjane mwenye mikorosho yake, mchangamfu, mpenda kusifiwa. Sifa ya kuponya watoto ilimjia kupitia mjukuu wake, Faidha, aliyekuwa akimlea.

Faidha alipoachishwa ziwa alinyong'onyea, nywele zikageuka rangi, miguu ikavimba. Kliniki walimpa maziwa ya lishe, akainuka kidogo. Ndipo Rahima, binti wa mdogo wake Mwanasha, akaanza kumletea unga wa kijani kutoka Newala, alikokuwa akifanya kazi kwenye mradi wa kuotesha spirulina. Alimweleza Mwanasha kuwa ni viumbe vidogo mno, havionekani kimoja kimoja kwa macho, vinavyokuzwa kwenye matangi ya maji safi, vikachujwa na kukaushwa. Vina protini na madini ya kuongeza damu.

"Kijiko kidogo tu kwenye uji, mama mkubwa," alisema Rahima. "Na kliniki usiache. Huu ni chakula cha kusaidia, siyo dawa ya kila kitu."

Faidha akanawiri. Wanawake wakauliza siri, na Mwanasha akawagawia kidogo kidogo. Mwanzoni alisema unga anauleta Rahima. Baadaye akaanza kusema "unga wangu". Mwishowe akawaacha waamini kwamba anautengeneza mwenyewe, kwa mikono yake, na hakuna aliyemsikia akikana.

Mradi ulipofungwa, Rahima akahamia Tandahimba kutafuta kazi nyingine. Kopo likabaki tupu. Mwanasha hakumwambia mtu.

Asubuhi moja ya kiangazi jirani yake Salome akapiga hodi.

"Shikamoo, Mama Nurdini."

"Marahaba, Mama Alfredi. Karibu ukae."

"Sikai, mama. Alfredi hataki kula, amebaki macho tu. Nimekuja kuomba ule unga wako."

Ilikuwa rahisi kusema umekwisha. Neno lilifika mpaka mdomoni. Lakini Salome alikuwa akimtazama kwa imani kubwa, na Mwanasha akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Nipe muda niukaushe. Nitakuletea."

Chini kidogo ya kijiji kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi kile maji yalikuwa yamepungua na juu yake umetanda utando mzito wa kijani, kama rangi iliyomwagwa. Si ni hivyohivyo, alijiambia, vijidudu vya kijani vya majini? Akauchota kwa ndoo, akauchuja kwa kanga, akauanika kwenye mkeka, akautwanga. Rangi ilikaribiana kabisa. Harufu ndiyo iliyomkera, harufu ya matope na majani yaliyooza. Alipoonja kwa ncha ya ulimi, alitema.

Kabla ya kuupeleka alimpikia Faidha uji. Alichukua kijiko, akakizamisha kwenye ule unga, mkono ukasita. Akaurudisha unga, akatia sukari. Kisha akaufunga unga kwenye karatasi, akavuka uwanja kwenda kwa Salome.

Alfredi alikunywa uji ule siku mbili. Alianza kutapika, akaharisha, tumbo likamuuma hata akashindwa kulia kwa sauti. Salome alimbeba mgongoni, akapanda bodaboda kwenda hospitali Masasi, na Mwanasha akafuata kwa nyingine.

Daktari alikuwa kijana mpole. "Mama, mtoto amekula nini?"

"Uji tu," alisema Salome. "Na dawa ya Mama Nurdini, ile nzuri inayoponya watoto." Akageuka kumwonyesha kwa mkono, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima.

Mwanasha alitamani sakafu impasukie. Angeweza kunyamaza, wasingejua. Lakini mtoto alikuwa akihema pale kitandani, na daktari alikuwa na kalamu mkononi akisubiri.

"Siyo ile," alisema. "Ile iliisha zamani. Hii nimeichota lamboni."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliwaeleza kwamba spirulina na ule utando wa lambo ni ndugu wa ukoo mmoja, ila baadhi ya wale wa malamboni hutoa sumu inayoshambulia ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuanikwa wala kwa kuchemshwa. Akaagiza maji ya dripu na vipimo vya damu, akatoka kwa haraka.

Salome hakupiga kelele. Alimshika mwanawe kidole cha mguu. Halafu akauliza, "Faidha naye alikunywa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mwanasha alivuta mtandio usoni, na hilo likawa ndilo jibu.

Alfredi alipona, ingawa ilichukua muda mrefu kabla macho yake hayajaacha unjano. Mwanasha alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza wanawake ukweli wote, kuanzia kwa Rahima, na kuwaomba wasiguse maji ya lambo. Wengine walimpa pole. Hiyo pole ilimuumiza kuliko matusi.

Salome hakuacha kumwamkia. Kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo, Mama Nurdini," kwa adabu ileile, ila sasa aliitamka huku akiendelea kutembea.

Kwenye maulidi ya mwaka huo Mwanasha alipewa kazi ya kugawa pilau kwa watoto. Walikuja kwa msukumano, mikono mbele, na Alfredi alikuwa miongoni mwao, amenenepa mashavu, akicheka. Alinyoosha mikono miwili kupokea sahani.

"Alfredi," Salome aliita kutoka kwenye sufuria ya upande wa pili, alikokuwa akisaidia kupakua, bila ukali. "Njoo, mimi nitakupakulia."

Mtoto akageuka, akakimbia kwa mama yake. Mwanasha alibaki ameishika sahani hewani, watoto wengine wakimvuta kanga, mpaka mmoja wao akaichukua.