Apolinaria na Jiko Lisilo na Moto

Usiku ule Apolinaria hakuvua hata kanga. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, simu kiganjani, akitazama chaji ikishuka: arobaini, thelathini na nane, thelathini na saba. Kila mara aliiweka sikioni, kana kwamba ingeweza kupata habari na kuzinyamazia. Binti yake, Levina, alikuwa hospitalini mjini Tabora. Jioni, akisonga ugali, kifafa kilimwangusha, na mkono wake wa kulia ukaangukia kati ya mafiga. Pikipiki iliyopatikana pale kijijini kwao Kwihara ilikuwa moja tu: dereva mbele, Levina katikati, na nyuma mjomba wake Vedasto, aliyekuwa amewatembelea siku hiyo, amemkumbatia kiunoni asidondoke njiani. Mama hakuwa na pa kukaa.

Simu iliita jogoo wakiwa wameshawika.

"Dada," alisema Vedasto, "mkono umeungua mpaka karibu na kiwiko. Lakini uso mzima, macho mazima. Sasa hivi anadai chai."

"Chai gani?"

"Ya maziwa. Na anasema tangawizi iwe nyingi."

Hapo ndipo Apolinaria alipoangua kilio, maana huyo anayechagua tangawizi alikuwa Levina wake yuleyule.

Apolinaria alikuwa mjane wa miaka hamsini kasoro miwili, aliyeishia darasa la saba. Alilima karanga na viazi, na siku tatu kwa wiki alipeleka karanga za kukaanga sokoni mjini. Wanakijiji walimjua kwa macho yake. Alikuwa mtu wa kutazama. Mgeni akiingia kwake, kabla hajaketi, Apolinaria ameshajua kwamba kiatu cha kushoto kinambana. Tangu Levina alipoanza kuanguka akiwa na miaka kumi na mitatu, macho hayo yote alimgeuzia yeye. Alikata miguu ya kitanda ili kiwe kifupi. Alimkataza kisima. Alimkumbusha dawa kila jioni, hata walipokuwa hawasemeshani. Na sasa, baada ya mkono ule kupona na kuacha kovu linalong'aa, aliweka sheria mpya: Levina asiguse moto. Si mafiga, si jiko la mkaa, si hata kibiriti.

Levina alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama akienda sokoni, yeye alikula kiporo cha baridi, ugali umekauka pembeni na mchicha umeganda mafuta. Mama asipokwenda, karanga zililala gunia baada ya gunia. Hakulalamika, mpaka siku moja alipousukuma mbali ule ugali.

"Mama, sitaki mengi. Nataka kula chakula cha moto nilichokiandaa mwenyewe, wewe ukiwa hupo. Basi."

"Moto hapana."

"Sijasema moto. Nimesema chakula."

Apolinaria alilichukua neno hilo mpaka kwa Vedasto, mdogo wake, fundi wa majokofu na feni pale mjini. Wiki mbili baadaye Vedasto alishuka kwenye bajaji na boksi kubwa. Mteja wake aliyehama alikuwa amemwachia maikrowevu.

Kabla ya kuichomeka aliigeuza huku na huku mbele ya dada yake. Aliufungua mlango na kuufunga mara kadhaa, akapitisha kidole kwenye kingo zake zote.

"Cha kwanza ni mlango huu. Ukiona umepinda, kioo kimepata ufa, au haubani, usiiwashe. Niite. Na wala usimpe mtu yeyote wa njiani afungue bodi lake. Humo ndani umeme hukaa hata baada ya kuchomoa waya."

"Unakaa unafanya nini?" aliuliza Apolinaria.

"Unamngoja fundi mjinga."

Aliwafungia ukutani soketi yake peke yake, yenye waya wa kwenda ardhini, akapiga marufuku kuichomeka pamoja na redio. Akaiweka juu ya meza fupi, mbali kidogo na ukuta. Apolinaria alizunguka meza ile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alichungulia kwa mbele, akainama, akachungulia kwa nyuma.

"Vedasto, moto uko wapi?"

"Hakuna moto."

"Sasa kinachopika ni nini?"

"Mawimbi, dada. Kama ya redio, ila haya yana nguvu zaidi. Yanayatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, yakitikisika yanapata joto."

Hilo halikumtosha. Akataka bakuli la kioo litiwe maji, akataka dakika moja. Sahani ya ndani ikazunguka, taa ikawaka, naye akapiga magoti mbele ya kile kioo chenye vitundu vidogo. Jirani yake, Bi Maua, akamkuta hivyo hivyo.

"Makubwa! Ndiyo televisheni gani hii, inaonyesha bakuli tu?"

"Nyamaza, Bi Maua, maji yanapikwa na redio."

Kengele ililia. Apolinaria alifungua, akapeleka kiganja ndani polepole. Ukuta wa ndani ulikuwa baridi, na maji yalikuwa ya moto. Akafunga, akafungua, akagusa tena. Kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu mwanzo: mtu akifungua mlango katikati, hayo mawimbi hayammwagikii? Vedasto akaiwasha, akafungua mlango. Kimya papo hapo. Akamwambia arudie mwenyewe. Alirudia mara nne.

Siku zilizofuata alijifunza mambo yake, mengine kwa kuambiwa na mengine kwa kuona. Sufuria haliingii, wala kikombe cha bati, wala kijiko. Sahani yake ya harusi yenye ukingo wa dhahabu ilirusha cheche akaikoa kabla haijapasuka. Yai zima na ganda lake lingelipuka. Haiwashwi ikiwa tupu. Aligundua pia kwamba wali huwa wa moto pembeni na baridi katikati, kwa hiyo lazima ukorogwe na kuachwa utulie kabla ya kuliwa, na kwamba maji yanaweza kukaa kimya kama ya mtungini, kumbe yameshapita kuchemka, ukiyagusa yanaruka. Vedasto akamwonyesha kutia mwiko mdogo wa mti ndani ya kikombe. Yote haya aliyafanya yeye. Levina alisimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Mama, hii ililetwa kwa ajili ya nani?"

"Subiri kwanza niizoee."

Kosa lake la kwanza lilitokana na mapenzi. Nyumbani kwa Apolinaria kila kitu cha maana kilivishwa kitambaa alichofuma mwenyewe: redio, mito, picha ya marehemu mumewe. Maikrowevu ingebakije uchi? Akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kikaning'inia mpaka ubavuni. Siku ya tatu ikazima katikati ya kazi, bodi likifuka joto. Vedasto alikiona kile kitambaa akacheka mpaka akashika meza.

"Dada, umemziba pua! Hivyo vitundu vya ubavuni ndivyo anavyopumulia."

Kitambaa kikahamia kwenye redio, juu ya kile kingine.

Kosa la pili halikuchekesha. Ilikuwa siku ya mvua, hakwenda sokoni, akatamani michembe: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama vigae. Tangu utotoni alijua kwamba michembe huchemka nusu saa, na hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba saa ya jiko hili ni nyingine. Akajaza bakuli la kioo, akatia maji ya kufunika chini tu, akazungusha kitufe mpaka thelathini. Kisha akatoka kuziingiza karanga kabla mvua haijazilowesha.

Harufu ilimfikia akiwa na gunia kifuani, harufu ya sukari inayoungua. Alipoingia jikoni, moshi mweusi ulikuwa ukijipenyeza kwenye kingo za mlango wa mashine, na nyuma ya kioo ulimi mwekundu ulikuwa ukilamba juu.

"Yesu wangu! Moto!"

Akanyakua ndoo ya maji kwa mkono mmoja, wa pili ukaenda kwenye mlango wa maikrowevu.

"Mama, usifungue!"

Levina alikuwa ameingia mbio kutoka chumbani.

"Nyumba inaungua!"

"Usifungue! Na hiyo ndoo weka chini!"

Alimpita mama yake, akanyoosha mkono ukutani, akazima swichi ya soketi, akachomoa waya. Mngurumo ukakatika. Taa ya ndani ikazima, ukabaki ule mwekundu peke yake, ukicheza gizani.

"Ukifungua unaupa hewa," Levina alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Ukiuacha umefungiwa humo, utazima wenyewe."

Walisimama bega kwa bega wakitazama. Ulimi ule ukafupika, ukawa kaa, ukawa moshi mtupu. Apolinaria akaiweka ndoo chini. Akautazama mkono wa binti yake uliokuwa bado umeshika waya, mkono wenye kovu. Ulikuwa umetulia.

"Nani kakufundisha?"

"Kitabu cha mashine, kilichokuwamo kwenye boksi. Kile ulichokiweka chini ya mtungi ili usiyumbe."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Ila wewe na ndoo yako mlinitisha zaidi."

Bi Maua alikuwa ameshafika mlangoni, kavutwa na harufu, kanga juu ya kichwa kwa ajili ya mvua. Aliwatazama, akaitazama michembe iliyogeuka mkaa.

"Mama Levina, kumbe wa kuchungwa ni wewe!"

Apolinaria hakucheka. Jioni, wakila viazi vilivyochemshwa kwenye mafiga, alitamka kwamba Vedasto atakuja kuichukua mashine yake.

"Kosa lilikuwa la mashine?" aliuliza Levina.

"Ningekuwa sipo je?"

"Ungekuwa hupo, nisingepika michembe nusu saa."

"Na ukianguka huku inawaka?"

Levina aliweka kiazi chini. Hakukasirika, alijibu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo kwa muda mrefu.

"Nikianguka, dakika nilizoweka zitaisha, itazima. Mafiga hayazimi, mama. Mafiga hayakujua kwamba nimeanguka."

Mama akatafuta upande mwingine wa kumbana.

"Uji wa moto ukikumwagikia?"

"Siubebi. Nauacha humohumo dakika tatu utulie. Meza yake ni fupi, navuta kiti, nausogeza, nakula palepale. Na kipimo sizidishi dakika mbili. Kikipungua naongeza, kuliko kuanza na nyingi."

"Umeyafikiria yote haya lini?"

"Wewe ulipokuwa unaizoea."

Vedasto alikuja, lakini hakuja kuchukua. Aliukagua mlango, akaangalia ndani kama kuna palipobanduka rangi, akaijaribu kwa kikombe cha maji, akasema iko salama. Usafi aliufanya Levina. Alichemsha humo ndani bakuli la maji yenye vipande vya limau, akauacha mvuke ulainishe masizi, akachomoa waya, akafuta kuta kwa kitambaa chenye unyevu. Hakutumia stili waya ya kusugulia sufuria wala mchanga. Zile kingo za mlango alizifuta mara mbili, mpaka hakukubaki chembe ya kuuzuia kubana. Apolinaria alimtazama toka mwanzo mpaka mwisho akitafuta kosa. Hakuliona, na jambo hilo likamshangaza kuliko maji ya moto kwenye ukuta baridi.

Jumatatu alijaza karanga kwenye beseni. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya soko baada ya wiki tatu za kukaa nyumbani tangu michembe iungue. Bi Maua alikuwa ameahidi kupita mchana. Levina alikuwa jikoni na maharage ya jana, wali, bakuli la kioo na mfuniko uliotobolewa.

"Mama, nirudishie mlango."

"Nifunge?"

"Ufunge. Ukisimama hapo nitakuwa napika kwa ajili yako, sipiki kwa ajili yangu."

Mlango wa jikoni haukuwa na komeo, na hilo ndilo lililomfanya Apolinaria akubali. Aliuvuta, akabaki nje, uso kwenye mbao. Akasikia mlango wa mashine ukibana. Kitufe kikazungushwa. Mngurumo ukaanza. Barabarani bajaji ya sokoni ikapiga honi.

Kengele ililia. Kisha kimya.

Alisubiri sauti yoyote, hatua, kikohozi, kijiko. Hakusikia kitu. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mbao, vidole vimetanda. Akahesabu kumi. Akahesabu ishirini. Akilini aliona mafiga, akaona mkono, akaona chaji inashuka. Bajaji ikapiga honi ya pili.

"Levina!"

"Bee, mama."

"Mbona kimya?"

"Kinatulia. Dakika tatu."

Apolinaria aliuondoa mkono kwenye mlango na kuufuta kwenye kanga, ingawa haukuwa na kitu. Akasikia kiti kikivutwa, na baada ya kitambo mfuniko ukifunuliwa, na Levina akipuliza.

"Kina moto?"

"Mpaka katikati. Nilikikoroga. Nenda, mama, utaachwa."

Alijitwisha beseni, akaenda. Kwenye kona ya uzio aligeuka kutazama. Mlango wa jikoni ulikuwa bado umefungwa.