Siku Viroboto Walipompokea Baba Mkwe

Jambo hili nililificha karibu mwaka mzima, wenzangu shuleni hawakulijua, hata dada yangu nilimpa nusu nusu, na nikiwasimulia leo msidhani nimepata ujasiri, ni kwa sababu shangazi wa mke wangu ameshalisimulia kwenye harusi mbili na msiba mmoja, na kila akilisimulia viroboto wanaongezeka, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mimi mwenye nyumba.

Wakati huo nilikuwa sijaoa. Nilipanga nyumba ndogo Buhembe, hapa Bukoba, vyumba viwili na sebule, mimi na paka wangu Kamwani, ambaye nilimwokota akiwa mtoto kwenye kibanja cha jirani, chini ya migomba, na jina hilo, ambalo kwa Kihaya ni la kahawa, nilimpa kwa ajili ya rangi yake, kama kahawa iliyokaangwa ikaanza kuungua. Alikuwa paka mpole, mwindaji wa panya, na alichagua kochi kubwa la sebuleni kuwa kitanda chake. Shida ilikuwa moja tu, viroboto. Nilimpaka majivu, akaenda kuyafutia kwenye shuka zangu. Nilimwosha kwa sabuni ya unga, akanichana mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye saa, nikaenda kufundisha nimefungwa bendeji (nikasema nimeanguka kwenye pikipiki, yaani uongo ulianza mapema). Viroboto walipungua siku mbili, ya tatu wakarudi.

Basi likizo ya Juni ikafika, na mwezi huo huo wazazi wa Adeodata, mchumba wangu, walikuwa wamenikubali. Adeodata ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea Rwamishenye, ila kwao ni Kamachumu, kule Muleba. Baba yake, Mzee Respicius, ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu, mnyamavu, mwenye kunyoosha suruali hadi unaweza kukata kitunguu kwa ule mkunjo. Akatuma ujumbe kwamba Jumamosi fulani yeye na dada yake, Shangazi Anatolia, watakuwa wanatoka Kashozi kwenye jubilei ya sista wa ukoo wao, na wakirudi watapita kwangu kuona mahali binti yao atakapoishi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mimi nilikuwa naenda Muleba wiki mbili kumsaidia dada yangu Domina kuchuma kahawa, nikajiambia, kwa nini nisimbebe Kamwani nikamwache huko kwa dada? Paka akiondoka, viroboto wameondoka naye. Nikamtia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikafunga madirisha, nikafunga mlango, nikapanda basi nikiwa nimefurahi kama mtu aliyepona ugonjwa.

Nilipanga kurudi Alhamisi nifanye usafi. Domina akaniambia, "Kaka, baki siku moja tu, kahawa zinaanguka zenyewe." Nikabaki. Siku moja ikawa mbili, na nilifika Buhembe Jumamosi yenyewe saa nne asubuhi, wageni wakiwa wanatarajiwa saa tano. Jirani yangu Mama Elieza, Mlutheri mmoja mwenye moyo mkubwa kuliko nyumba yake, alikuwa amenipikia ndizi na samaki jikoni kwake. Mimi nikafagia uwanja, nikafungua madirisha, nikatandika vile vitambaa vya kufuma juu ya makochi, nikaoga. Nilihisi kitu kimenichoma kwenye kifundo cha mguu. Nikasema ni joto. (Joto, Bukoba, mwezi wa sita!)

Wakafika. Adeodata mbele akiwaonyesha njia, Shangazi Anatolia nyuma yake akipunga khanga, na Mzee Respicius wa mwisho, kavaa suruali ya kijivu, koti, na alipofika mlangoni akainama akaanza kuvua viatu.

"Shikamoo baba. Pita tu na viatu, baba."

"Marahaba. Nyumba ya mtu haiingiwi na tope la njiani," akasema, na akaingia na soksi. Soksi nyeupe, jamani. Nyeupe kama chaki.

Nikamkalisha mahali pa heshima, kwenye kochi kubwa. Nikawapa kahawa za kutafuna kwenye kisahani, tukaulizana habari za Kashozi, habari za barabara, na Mama Elieza akaleta chakula, akakaa nasi. Mzee akasimama ili aombe kabla ya kula, tukasimama wote.

Sasa nyie hamjawahi kumsikia Mzee Respicius akisali. Alianza na uumbaji. Akashukuru kwa mvua, kwa kahawa, kwa migomba, akawakumbuka marehemu wa upande wake kwa majina, akaanza wa upande wa mkewe. Katikati ya marehemu nikaona Shangazi anasugua mguu mmoja kwa mwingine. Adeodata akajipiga shavu la mguu, taratibu, kama anayepangusa vumbi. Nikafumbua jicho moja, nikatazama chini.

Soksi za mzee zilikuwa na madoadoa. Mwanzoni kama mtu aliyekanyaga pilipili manga. Nikafumba jicho nikamwomba Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, kando ya yale ya mzee. Nilipofumbua, pilipili ilikuwa imefika kwenye kifundo na inapanda. Na mzee, kwa nidhamu yake ya miaka yote, anasali bila kukata sauti, huku kidole gumba cha mguu wa kulia kinakuna mguu wa kushoto, kisha wa kushoto unakuna wa kulia.

"Amina!" akasema Shangazi kwa nguvu. Mzee hakuwa amemaliza. Akaendelea. "Amina, kaka, amina!"

Mzee akafumbua macho, akamwangalia dada yake, kisha akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Hiki ni nini?"

Hapo ningesema ukweli mambo yangekuwa mepesi. Lakini ulimi wangu ukanitangulia: "Ni majivu ya jikoni tu, baba."

Akainama karibu zaidi. Jivu moja likaruka kutoka kwenye soksi likatua kwenye mkono wa koti lake.

"Majivu yanaruka?"

Wakati huo Shangazi Anatolia alikuwa amejua kitu kinachotembea ndani ya sketi yake ni nini, akapiga yowe la kuamsha mtaa, akatoka mbio, khanga ikabaki kwenye kitasa cha mlango. Na kwetu mwanamke akipiga yowe vile watu hawakai wakiuliza, wanakuja. Dakika mbili hazikupita uwanja ukajaa, wanaume watatu na fimbo, mmoja na panga, mzee mmoja na jiwe, wote wanauliza, "Nyoka yuko wapi?"

Mzee Respicius akatoka ndani polepole, kabeba viatu vyake mkononi.

"Si nyoka," akawaambia. "Ni wadogo, na ni wengi."

Adeodata alinitazama mara moja tu, akageuka pembeni, na sikujua analia au anafanya nini. Nikaona harusi imekwisha. Miaka mitatu ya kutafutana, barua, wazee wangu kwenda Kamachumu kusema maneno mazuri, vyote vimeliwa na wadudu wasioonekana vizuri bila miwani.

Mama Elieza ndiye aliyefanya jambo la kwanza la maana siku ile. Akampeleka Shangazi kwake akampa nguo za kubadili, akarudi na kitenge kwa ajili ya mzee, kitenge cha jogoo wekundu, na suruali ya mkunjo ikaingia kwenye ndoo ya maji ya moto. Mzee akatoka kavaa koti, tai, na jogoo. Akaketi kwenye kiti katikati ya uwanja. Wamama wa mtaa wakampigia magoti kumwamkia kwa heshima zote, naye akawaitikia mmoja mmoja, hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo. Unafundisha somo gani?"

"Sayansi, baba."

"Una paka?"

"Ninaye, baba. Yuko Muleba kwa dada. Nilimhamisha wiki mbili zilizopita ili aondoke na viroboto kabla hamjaja."

Hapo nilikuwa nimesema kweli kwa mara ya kwanza, na nikashangaa kwamba bado nimesimama. Akatikisa kichwa.

"Kiroboto ana hatua ngapi za kukua?"

Mtaa mzima unasikiliza. Nikasimama wima kama mtoto wa darasa la tano. "Nne, baba."

"Zitaje."

"Yai, lava, pupa, mdudu kamili."

"Paka aliondoka na hatua ipi?"

"Ya nne."

"Na hizo tatu ulimwachia nani?"

Nikatazama kochi kupitia mlangoni, nikamtazama Shangazi anayejikuna kule barazani kwa jirani, nikamtazama yeye na jogoo wake.

"Niliwaachia ninyi, baba."

Ikasikika sauti kama ya mtu anayekohoa, kumbe ni Adeodata, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, hawezi tena, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na mwenye panga akacheka, na Shangazi kule barazani, na mwisho kabisa mzee mwenyewe, bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, jogoo wanaruka magotini.

"Wameanguliwa wakakuta nyumba haina paka," akasema alipopata pumzi. "Wiki mbili wana njaa. Ulitegemea wafanye nini? Haya, leteni ufagio."

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, maana Shangazi huwa haelezi sehemu hii. Wale watu waliokuja na fimbo za kuua nyoka waliziweka chini wakanitolea makochi nje. Zulia likaanikwa juani na kupigwa. Mama Elieza alichemsha maji, vitambaa na shuka vyote vikalowekwa, godoro likapinduliwa, na mzee akasimama mlangoni na kitenge chake akielekeza kila ufa wa sakafu ufagiwe, uchafu uchomwe, kazi irudiwe kila siku chache kwa sababu walioko kwenye pupa bado wanakuja. Shangazi akasema atanitumia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mzee akamkataza: "Paka hujilamba. Utamuua." Chakula tulikilia kwa Mama Elieza, kimepoa, na sijawahi kula ndizi tamu kama zile.

Walipokuwa wanaondoka nilianza kuomba msamaha, mzee akanikatiza.

"Nilikuja kukagua nyumba. Wengine hunionyesha sebule tu, wewe nimekuona mpaka chini ya makochi. Na majirani zako nimewaona. Binti yangu hatakaa mpweke hapa. Lakini yale majivu, mwalimu, usiyarudie."

"Kasinge, baba," nikamshukuru kwa Kihaya.

Kamwani nilimrudisha baada ya mwezi. Afisa mifugo alimpima uzito akampa dawa ya matone ya paka, nyuma ya shingo, asipofika kwa ulimi, na kila Jumamosi Adeodata, ambaye sasa ni mke wangu, humchana kwa chanuo lenye meno ya karibu karibu, na viroboto anaowakamata anawatumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni.

Nami niliapa. Mgeni akifika kwangu, kabla hajakaa, namwambia yote. Juzi padri alikuja kubariki nyumba, nikamwambia mlangoni kwamba bomba la jikoni linavuja, mguu wa meza ni mbovu, na mwaka jana tulikuwa na viroboto. Akasimama kidogo na maji yake ya baraka mkononi, akaniuliza kama ningependa na kuungama pia, au tuanze tu na jikoni.